Kinyama chekundu

Mama yule alikuwa na miaka 46 na watoto 5. Kwa miezi 3 alitokwa na matone ya damu kila alipokutana na mumewe. Jirani alishamwambia ni saratani, na alipopanda kitanda cha uchunguzi alikuwa anatetemeka.

Spekula, kifaa cha kupanulia uke, ilipofunguka kilionekana kinyama chekundu, yaani polipu, laini, ukubwa wa harage, kikining'inia kwenye tundu la mlango wa kizazi. Pamba ilikigusa tu, kikavuja damu. Kando yake palikuwa na vifuko 2 vya manjano vinavyong'aa: vifuko vya Naboth, yaani tezi za ute zilizoziba. Hivyo haviguswi.

"Shina lake umeliona?" aliniuliza sista mkuu.

Swali hilo ndilo lililoamua kazi yote. Shina likionekana, kinyama hutolewa pale pale. Likipotelea juu, huenda ni polipu ya mji wa mimba au faibroidi, uvimbe wa kizazi, inayoshuka. Ukikizungusha, damu itatoka mahali usipoweza kupafikia. Mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa ultrasaundi kwanza. Mjamzito naye asiguswe ovyo, kwa sababu damu yake huwa nyingi.

Nilizungusha kijiti cha pamba pande zote: shina lilianzia nusu sentimita ndani. Tulipaka siki ya kipimo, tukasubiri dakika 1, hapakuwa na weupe, ambao ungekuwa dalili ya mabadiliko ya awali ya saratani. Nikakibana kwa koleo la pete karibu kabisa na mzizi, nikazungusha upande mmoja, polepole, mpaka kikaachia chenyewe. Kuzungusha husokota mishipa ya damu ikajifunga. Ukivuta, shina hukatika katikati, damu humwagika, na mzizi uliobaki huota tena. Tuligandamiza kwa kitambaa cha gozi, kisha tukagusisha dawa ya Monsel ya kukatisha damu, damu ikakata.

Kinyama kiliingia kwenye chupa ya fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuzuia kisioze, jina na tarehe vikaandikwa kwenye chupa yenyewe, maana vifuniko hubadilishana. Saratani hupatikana kwa wachache mno, chini ya 1 kati ya 100, lakini jicho haliwezi kuwatambua hao. Kwa hiyo kila kinyama huenda maabara, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama.

"Mama, pumzika wiki moja bila tendo la ndoa. Damu ikilowesha pedi nzima kwa saa moja, rudi hata usiku."

Alirudi baada ya wiki 3. Majibu: polipu ya kawaida, hakuna seli za saratani. Akaniomba nimsomee mara ya pili.