Mji wa mawe kwenye miraba ya mita 8

Anayetaka mji wa kubuni wenye sura ya Zanzibar kwenye Cities: Skylines, gemu la kompyuta la kujenga miji, kwa kawaida huanza na Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Hupakua aseti (jengo lililotengenezwa tayari) ya jumba, hulisimamisha ufukweni, kisha hulizungushia barabara zilizonyooka. Jumba linaduwaa pale kama mgeni aliyekosea harusi. Mimi naliona jumba kuwa kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni mkondo wa maji ambao leo haupo tena.

Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi yenye umbo la pembetatu, na zamani mkondo wa bahari uliutenga na Ng'ambo upande wa mashariki. Watu walivuka pale panapoitwa Darajani. Mkondo ukafukiwa kwa awamu, na juu yake ikapita Creek Road, sasa Barabara ya Benjamin Mkapa. Ndiyo maana mpaka leo ukivuka barabara hiyo moja unatoka kwenye vichochoro na kuingia kwenye mitaa mipana. Mpaka wa namna hiyo ukiuchora tu kwa kalamu utaonekana umechorwa. Bora kuuchimba, kuuishi, halafu kuufukia.

Nazungumzia toleo la kwanza la gemu, la 2015. Picha ya miinuko inayoingizwa kwenye kihariri cha ramani ni ya kijivu, biti 16, pikseli 1081 kwa 1081, na kila pikseli ni mita 16 za ardhi. Kwa hiyo kingo za mkondo haziwezi kutoka vizuri kwenye picha. Zitachongwa kwa brashi. Bahari ikiachwa ilivyo iko mita 40. Rasi iwe kati ya mita 44 na 48, maana juu zaidi ya hapo ufukwe unageuka jabali. Sakafu ya mkondo ikae mita 36 hivi, upana mita 80 hadi 100. Gemu halina kupwa na kujaa, hivyo tope na mikoko utaviigiza kwa rangi ya ardhi na miti.

Weka daraja moja tu, uache pande mbili zikue kila moja kwa tabia yake. Ukifika wakati wa kufukia, anzia ndani ukielekea baharini, vipande vya mita 50, na usubiri maji yatulie kabla ya kipande kinachofuata. Ardhi ikiinuliwa yote kwa mpigo, maji yanayosukumwa huinuka na kufurika nyumba za kingoni. Na udongo una hesabu yake: cha kufukia lazima kiwe kimechimbwa mahali pengine, kwa hiyo usawazishe kilima fulani mapema. Barabara pana ipite juu ya mfukio ikifuata mipindo ya mkondo wa zamani, soko liwe ubavuni mwake. Usiinyooshe! Huo mpindo ndio ushahidi pekee kwamba maji yalikuwepo.

Shida kubwa ni vichochoro. Gemu linapima kila kitu kwa miraba ya mita 8. Barabara ndogo ya kawaida inakula miraba miwili, yaani mita 16, na eneo la kujenga linaingia miraba minne kila upande. Uchochoro wa Mji Mkongwe mara nyingi ni mita mbili au tatu. Kinachokaribia zaidi kimeletwa na nyongeza ya Plazas & Promenades ya 2022: mitaa ya waenda kwa miguu inayopokea nyumba kandokando yake, na majengo yanayogusana ukuta kwa ukuta. Eneo la namna hiyo linahitaji vituo vyake vya huduma pembeni, pale linapopakana na barabara ya magari. Bidhaa hushushwa hapo na taka huchukuliwa hapo. Vituo vikiwa vichache maduka hukosa bidhaa na takataka hulundikana, na mjenzi asiyejua huishia kuongeza madampo bure.

Asiye na nyongeza hiyo atumie Move It, modi (programu ndogo ya kubadilisha gemu) ya kusogeza vitu, ili nyumba zikaribiane. Ila jengo linaloota lenyewe likitolewa nje ya miraba yake, gemu hulibomoa. Modi nyingine, Ploppable RICO, hukuwezesha kuliweka kwa mkono likabaki. Tandika vichochoro kwanza, nyumba baadaye. Vipande vya mita 24 hadi 40, kila kimoja kikikata kona kidogo, ili mtu aliyesimama popote asione mbali. Njia mbili zikipitana kwa modi za kulazimisha bila nukta ya makutano, watu watapita juu ya wenzao bila kukata kona, na mtaa mzima utakufa ingawa kwa macho uko sawa. Bofya njia zote na uhakikishe zimeungana.

Kuhusu nyumba, kipimo kimefichwa darini. Dari za nyumba za mawe za mwambao zilishikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kama mita tatu hivi. Matokeo ni vyumba vyembamba, virefu, vilivyopangwa sambamba nyuma ya kuta nene. Kwenye gemu chagua viwanja vya miraba miwili kwa mitatu, bila bustani, bila ua wa mbao, bila maegesho. Seti ya Ulaya iliyomo kwenye gemu ina majengo yanayoshikana na inasaidia kuanza. Paa zake za mteremko ndizo zinazochefua, zibadilishe kwa aseti za paa bapa au za bati. Kisha tia alama ya jengo la kihistoria, la sivyo jengo likipanda kiwango litageuka la vioo.

Misikiti iachwe ikaidi mtaa. Makka iko kaskazini mwa Zanzibar, karibu nyuzi sifuri, kwa hiyo kibla kinaelekea huko hata kama uchochoro unakwenda kwingine. Zungusha jengo mpaka lielekee kaskazini, na ile pembetatu inayobaki kati ya ukuta na njia uigeuze kisima, au baraza ya wazee. Nafasi za hivyo huwezi kuzibuni ukaaminika, lazima zitokane na mgongano wa kweli.

Ng'ambo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Michenzani, iliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni majumba marefu yaliyopangwa kandokando ya barabara pana zinazokatana kwenye keepilefti. Gemu limetengenezwa kwa ajili ya mambo hayo.

Maji yasitolewe baharini karibu na bomba la majitaka, wakazi wataugua. Sultani Sayyid Barghash aliyatoa kwenye chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini mwa mji, na minara ya maji ikae upande huo. Makazi nayo yafunguliwe kidogo kidogo. Wahamiaji wa siku moja huwa na umri unaofanana, hivyo hufa kwa pamoja, na magari ya maiti hayatoshi, hasa mahali ambapo gari halifiki mlangoni.

Bandari ya mizigo, hata kama ile ya kweli iko Malindi, mkabala na vichochoro, kwenye gemu ningeiweka nje ya rasi. Inamwaga malori mfululizo. Anayeng'ang'ania uhalisia aipe barabara yake ya kutokea, na kwa TM:PE, modi ya kusimamia magari barabarani, ayapige marufuku malori kwenye mitaa mingine yote.

Na mji usiukuze sana. Gemu linamudu magari 16,384 na watu 65,536 wanaotembea kwa wakati mmoja. Ukivuka hapo wanaobaki hawatoki nyumbani. Mji wa wakazi elfu ishirini na tano uliobanana utajaa watu vichochoroni. Wa laki tatu utakuwa na nyumba nyingi na bustani ya Forodhani tupu saa ya magharibi.