Upime Katika Kuunganisha

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki kadhaa zilizopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa chuo cha Qur'ani kwenye makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari. Kutoka kwetu Langoni ni mwendo mfupi sana, lakini nakiri kwamba miaka mingi nimepita mbele ya mlango ule nikidhani ndani mna mambo ya wageni. Vitu vyetu tumevizoea. Mlango wa nakshi tunaufungua kwa bega huku mikono imeshika kikapu cha samaki, na zidaka za ukutani tunaziwekea chaja za simu.

Watoto walikimbilia siwa, yale mabaragumu makubwa ya kale. Ni haki yao, maana siwa ya Pate ya pembe ya ndovu na siwa ya Lamu ya shaba hazina mfano wake. Zilipulizwa arusini na siku za kutawazwa watu wakubwa, na mpaka leo, ukimya wake wote ule, zinamfanya mtu anyamaze. Mmoja wa wadogo aliniuliza kama pumzi za mtu mmoja zatosha kuijaza siwa. Nilimwambia lazima zilitosha, kwa kuwa ilikuwa ikilia.

Mimi miguu ilinigandia mbele ya mfano wa mtepe.

Walio wachanga huenda hawaujui mtepe, kwa hivyo niueleze. Kabla ya majahazi haya tunayoyaona yakifunga gati, visiwa vyetu vilikuwa na chombo ambacho mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja. Kilishonwa. Fundi alitoboa matundu kwenye ukingo wa ubao, akatoboa na ubao wa jirani yake, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi kutoka tundu hadi tundu, akaivuta, kisha akaziba tundu kwa kijiti. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, umesukwa kwa miyaa. Kwa chombo hicho wazee wetu walibeba boriti za mikoko na shehena nyingine pwani nzima. Karne ya 20 ilipoanza, mitepe ilikuwa ikielekea kumalizika. Leo mafundi wa Matondoni bado wanaunda vyombo, lakini wanatumia misumari, na nafasi kati ya mbao wanazijaza kalafati ya pamba na mafuta. Kazi yao naipenda pia, ila si ile ya kushona.

Nilipouinamia mfano ule nikaona mishono yake. Mingi, midogo, yote ya kipimo kimoja. Papo hapo nikakumbuka maneno ya Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Qamar, aya ya 13, anaposimulia alivyomwokoa Nabii Nuh, amani iwe juu yake: kwamba alimbeba juu ya kitu cha mbao na "dusur". Hakusema jahazi, hakusema safina. Alitaja mbao na kile kinachoziunganisha, basi. Wafasiri wengi wamesema dusur ni misumari. Lakini katika lugha ya Kiarabu neno hilo pia limeelezwa kuwa ni kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao za chombo, na wako wanavyuoni walioitaja maana hiyo. Kwa mtu wa Lamu aliyesimama mbele ya mtepe, maana hiyo ya pili inaingia moyoni bila kubisha hodi. Kulikuwa na gharika, mbingu imefunguliwa kwa maji yanayomiminika, ardhi imepasuliwa chemchemi, na kati ya waja wa Allah na kuzama palikuwa na mbao na viungio vyake.

Sasa nitawaambia kwa nini jambo hili lilinishika hivyo.

Mwezi wa Muharram niliweka nia ya kuhifadhi Juzuu Tabaraka, sura 11 kuanzia Al-Mulk hadi Al-Mursalaat, kabla ya Ramadhani kuingia. Nilichora jedwali zuri. Ukurasa mmoja kila siku, kwa hivyo siku 20 nimemaliza, kisha nirudie. Siku ya kwanza nilihifadhi ukurasa na nusu kwa furaha. Siku ya tano nilikuwa nyuma kwa kurasa mbili, nikazibeba kama deni la siku ya sita. Mwezi wa Safar ulinikuta katikati ya Al-Ma'aarij, aya za Al-Qalam zinanichanganya, na msahafu nauona pale kidakani nikiupa mgongo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kitu nilichokipenda kiligeuka kuwa kitu ninachokikwepa, na nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kila asubuhi huku jambo hilo limenikaa kooni.

Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kumshonea baba kofia ya mkono. Kichochoroni kwetu kuna mzee mwenye duka dogo, upana wake ni mikono miwili ukiinyoosha. Anauza nyuzi, sindano, ubani, udi kidogo, na kofia anazozishona mwenyewe akiwa amekaa barazani baada ya Alasiri. Mimi humwita Ami, kama wanavyomwita wote mtaani, na yeye huniita Maalim ingawa alinijua nikiwa nakimbia bila kanzu. Alinikatia kitambaa cheupe, tabaka mbili, akanichorea michoro kwa penseli, akanionyesha namna ya kutoboa na namna ya kuzungusha uzi kwenye mdomo wa tobo ili lisifumuke. Kofia moja ina matobo ambayo sikuthubutu kuyahesabu. Kushona kwake ni kazi ya miezi.

Na huko pia nilikuwa na pupa. Nilishona matobo mengi kwa usiku mmoja, taa hafifu, na asubuhi nikampelekea nikitazamia sifa. Ami aliishika kofia, akaivuta kidogo huku na huku, akaipeleka jichoni. Kisha akachukua wembe, akakata safu nzima.

"Maalim," akasema, "hapa umekaza mno, nguo imekunjamana. Na hapa ulichoka, uzi umelegea, ukifua mara mbili utatoka. Tobo moya, kisha tobo moya. Yeo shona kumi tu, unletee."

Niliumia kwa ile safu. Lakini baada ya makumbusho, usiku ule, nilifungua Surat Saba' kwa sababu nyingine kabisa, nikakutana na aya ya 10 na ya 11. Nimezisoma mara ngapi maishani? Mola anasema alimlainishia Dawud chuma, akamwamuru atengeneze nguo za vita zilizo kamili, kisha akamwambia: "wa qaddir fis-sard", na upime sawa katika kuunganisha.

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokaa mimi mpaka taa ya jirani ikazimwa.

Huyu ni Dawud. Ni Nabii, ni mfalme, milima na ndege vilikuwa vikimsabihi Mola pamoja naye. Chuma ni laini mkononi mwake kwa muujiza. Mtu angetarajia muujiza ule umalizie kazi yote, deraya, yaani ile nguo ya vita ya pete za chuma zilizounganishwa, ishuke imekamilika. La. Chuma kililainishwa na Allah, na kupima pete moja na nyingine kukabaki kuwa kazi ya Dawud. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alieleza kipimo hicho: msumari unaofunga pete usiwe mwembamba ukawa unachezacheza ndani yake, wala usiwe mnene ukaipasua. Ndugu zangu, nilipolisoma hilo niliiona safu yangu iliyokatwa kwa wembe. Hapa umekaza mno, hapa umelegeza.

Na aya haikuishia hapo. Amri mbili za kwanza ni za mtu mmoja, Dawud peke yake: tengeneza, pima. Kisha papo hapo maneno yanageuka kuwa ya wengi: na tendeni mema, hakika Mimi nayaona mnayoyatenda. Katika pumzi moja tumetoka kwenye kiwanda cha mhunzi na tumeingizwa sote. Mimi nimeelewa kwamba kipimo alichoamrishwa Dawud katika pete ndicho ninachotakiwa kuwa nacho katika hifdhi yangu, katika sala zangu za usiku, katika sadaka, katika ahadi ninayompa mtoto wangu. Ukurasa kwa siku kwa mtu wa umri wangu, mwenye chuo asubuhi na familia jioni, ulikuwa msumari mnene. Umenipasua. Na miezi ile ya kutofungua msahafu kabisa ilikuwa msumari mwembamba.

Bibi Aisha, Allah amridhie, ametupokelea kutoka kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba amali zinazopendwa zaidi na Allah ni zile zenye kudumu, zijapokuwa chache. Imo katika Bukhari na Muslim, na nimeisomesha mimi mwenyewe, kwa sauti, kwa watoto waliokaa mkekani. Sikuwa nimeisikia kwa masikio ya mshonaji.

Tangu siku hiyo natembea mtaani macho yakiwa tofauti. Mwenye duka la viungo, kabla ya kunipimia iliki, aliweka karatasi tupu kwenye mizani, akaisoma, ndipo akaijaza. Bila shaka amekuwa akifanya hivyo miaka yote. Sikuwahi kuona kwamba karatasi ile ni nyepesi kama pumzi na bado hataki kuniuzia kwa bei ya iliki. Wapo waliotajwa kwa ole katika Surat Al-Mutaffifin, wanaopunja wanapowapimia wengine, na huyu, katika kibanda chake kisicho na hata jina juu ya mlango, amejiepusha nao kwa kipande cha karatasi. Nilimwombea dua kimoyomoyo, hadharani ningemwonea haya.

Mtume, rehma na amani zimshukie, alitufundisha kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko anachokipata kwa kazi ya mikono yake, akataja kwamba Nabii Dawud alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Tukipita kwa mafundi wa nakshi za milango, kwa washona kofia, kwa wale wanaosuka mikeka, tupunguze mwendo. Tuwapeleke na watoto makumbusho, si siku ya wageni wala ya sherehe, siku ya kawaida tu, wakaone kwamba watu waliosali katika misikiti hii hii tunayosali sisi walishona chombo kizima kwa kamba, wakakiingiza baharini wakisema Bismillahi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinitoa machozi, na nitalisema hata kama si wote watalipa uzito ninaoupa mimi. Jawabu la haraka yangu lilikuwa ndani ya juzuu ile ile niliyoikimbia. Katika Surat Al-Muzzammil, aya ya 20, Mola anawataja wagonjwa, na wanaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila zake, na wanaopigana katika njia yake, yaani watu wenye shughuli zao, kisha anasema wasome kilicho chepesi katika Qur'ani. Na mbele kidogo, katika Al-Qiyaamah, anamwambia Mtume wake asiutikise ulimi kwa kuiharakia Qur'ani, kwa hakika ni juu Yake kuikusanya na kuisomesha. Ni juu Yake kuikusanya. Nami nilikuwa nikidhani kukusanya ni kwangu mimi na jedwali langu.

Basi nimelichana jedwali. Sasa ni aya tatu baada ya Alfajiri, hapo hapo msikitini kabla sijaondoka, na jioni namsomea mke wangu akiwa ameushika msahafu. Zikinishinda tatu, mbili. Zikiwa mbili, moja, lakini siku isipite bila mshono. Siku ambayo nina nguvu sijiongezei, nimejifunza kwa wembe wa Ami. Na baada ya Alasiri ni matobo kumi pale barazani, yeye akishona ya kwake na mimi ya baba, na mara nyingi hatuzungumzi ila punda akituziba njia na kuturuka miguu.

Ninaowaandikia kila Ijumaa mna nia zenu pia. Yuko anayeweka akiba ya Umra, yuko anayetaka kuacha sigara, yuko aliyeahidi kupatanisha ndugu wawili wasiosemezana tangu mirathi igawanywe. Nitumieni salamu mniambie kipimo chenu ni kipi kwa siku, nami nitawaombea kwa kipimo hicho hicho.

Al-Ma'aarij nimeimaliza Jumanne. Nimeingia Surat Nuh, sura ya yule aliyepanda juu ya mbao na dusur, aliyewalingania watu wake usiku na mchana. Leo nimefika aya ya 10, pale anapowaambia: ombeni msamaha kwa Mola wenu, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Kesho, Inshaallah, ni ya 11, ya 12 na ya 13. Kofia ya baba imebaki duara ya juu, na Ami jana aliivuta huku na huku, akaipeleka jichoni, akanirudishia bila kutafuta wembe.