Nyanya zilizoona kiu kwenye udongo uliolowa

Kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani, kiko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na shida ya maji hatuna. Mfongo, mfereji wa kumwagilia, unapita ukingoni mwa shamba, zamu yetu Jumanne na Ijumaa. Kwa hiyo Septemba iliyopita, miche yangu sitini ya nyanya ilipoanza kunyauka siku chache baada ya kuiwekea mbolea, niliongeza maji. Haikusaidia. Alfajiri majani yamesimama, ikifika saa nne yamelala, kingo zimekauka na kuwa za kahawia kama zimepitishwa motoni. Ukichomeka kidole, udongo umelowa. Iliniuma sana.

Bwana shamba alipopita hakuuliza habari za maji.

"Dada, urea umeweka kiasi gani?"

Kiganja kimoja kila mche, nikamjibu, tena shinani kabisa, usihangaike kutafuta chakula.

"Ukikata vitunguu vya kachumbari ukavitia chumvi, baada ya muda bakulini kuna nini?"

Maji. Hapo nikaelewa.

Maji hufuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Kwa kawaida ni ndani ya mzizi, ndiyo maana mzizi hunywa. Juu, majani yanatoa mvuke kupitia vitundu vyake, na mvuke huo ndio unaovuta maji kutoka chini mpaka kileleni, yakipanda na virutubisho. Mimi niliufanya udongo uwe mkali kuliko mzizi, kinywaji kikagoma kuingia. Tena urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, ikivunjika udongoni hutoa amonia inayounguza mizizi michanga.

Aling'oa mche mmoja: ncha za mizizi zina rangi ya kutu, laini, udongo umedondoka wote. Akang'oa mwingine uliokuwa pembeni, ambao sikuufikia na mbolea. Huo ulitoka na chembe za udongo zimeung'ang'ania kama unga kwenye mkono uliolowa. Zimeshikwa na vinyweleo, nywele nyembamba za mzizi, na mche hunywa zaidi kwa hivyo vinyweleo.

Nilichota punje zilizobaki, moja moja. Ijumaa nikafungulia mfongo polepole, kwa muda mrefu, maji yazame na kuishusha mbolea chini. Kisha nikaacha zamu moja ipite bila kumwagilia, kwa sababu mzizi usiopata hewa nao haufanyi kazi. Juu nikatandaza majani makavu ya migomba.

Arobaini na moja ilipona. Baadaye niliweka urea kifuniko kimoja cha soda kwa mche, upana wa kiganja kutoka shinani, nikaifukia. Naitrojeni huyeyuka, inasafiri na maji mpaka mzizini. Fosforasi haisafiri hivyo, kwa hiyo siku hizi mbolea ya kupandia naichanganya na samadi na udongo ndani ya shimo kabla ya kuhamisha miche.

Wiki ya tatu nilikwenda shambani saa saba mchana, jua kali. Majani yalikuwa yamesimama.