Kiota cha tai kwenye skrini: mtazame mzazi kwanza

Ukifungua mtandaoni kamera inayoonyesha kiota cha tai mubashara kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia mayai. Mayai hayana la kukuambia. Habari zote anazo aliyeyalalia, na mwili wake unasomeka ukishajua pa kuangalia.

Anza na miguu. Tai akirudi kwenye mayai hukunja makucha ndani kama mtu aliyefumba ngumi, akasogea taratibu asije akatoboa ganda. Halafu hushuka huku akiyumbisha kifua kushoto na kulia. Hapo anatenga manyoya ili ngozi tupu ya tumbo ikutane na mayai, maana joto linatoka kwenye ngozi ile. Kila baada ya saa moja au mbili huinuka, akayageuza kwa mdomo, akalala tena. Wageni hudhani ana wasiwasi, kumbe yai lisipogeuzwa kilichomo hunata kwenye utando wa ndani na kufa.

Kamera nyingi zinazotazamwa zimeelekezwa kwa tai wa kichwa cheupe wa Amerika Kaskazini, ndugu wa karibu wa furukombe. Hutaga yai moja hadi matatu, mara nyingi mawili, kwa kupishana siku tatu hivi, na kila yai huatamiwa siku 35 au zaidi kidogo. Kwenye milima yenye baridi zinaweza kufika 38 na kuendelea. Hesabu siku za kila yai peke yake. Ukiona yai la kwanza limeachwa wazi kwa muda, tulia: mama mara nyingi haatamii kwa dhati mpaka la pili litoke, ili makinda wasipishane sana kwa umri.

Siku za kuanguliwa zikikaribia, mzazi hubadilika. Anainuka mara kwa mara, anainamisha kichwa na kutazama katikati ya miguu yake kama anayesikiliza. Na kweli anasikiliza, kwa sababu kinda huanza kulia angali ndani ya ganda. Tundu la kwanza huonekana kama doa dogo lenye nyufa pembeni, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika na uchafu. Subiri yai ligeuzwe, kisha kuza picha: uchafu ni bapa, au umeshadondoka, tundu lina kingo zilizoinuka, maana ganda limesukumwa kutoka ndani. Kuanzia hapo hadi kinda kutoka huchukua siku nzima, hata mbili. Hakuna haja ya kukesha.

Kinda akishatoka, acha kuhesabu samaki walioletwa. Angalia chini ya koo lake. Hapo pana mfuko wa chakula, na akishiba huvimba kama amemeza yai la kuku. Kinda mwenye mfuko uliojaa jioni amekula, hata kama hukumwona akilishwa. Pia tazama namna mzazi anavyolisha: hunyofoa kipande chembamba kama uzi, akageuza kichwa upande ili mdomo wake uliopinda uingie kwenye kimdomo kile bila kukijeruhi. Ni jambo la upole mkubwa, kutoka kwenye mdomo unaopasua samaki mzima.

Kudonana ndiko kunakowatesa watazamaji zaidi. Mkubwa humdona mdogo kichwani, mdogo hulala kifudifudi na kugeuza uso. Kwa tai wa kichwa cheupe hali hiyo mara nyingi hupoa chakula kikiwa cha kutosha, na mdogo hujifunza kula wakati mkubwa ameshiba na kusinzia. Lakini usiibebe kanuni hiyo kwenda kwenye kiota cha aina nyingine. Tai mweusi wa Afrika hutaga mayai mawili, na kinda wa kwanza karibu kila mara humuua wa pili, hata nyama ikiwa imejaa kiotani. Kabla hujashikwa na hasira, hakikisha unamtazama tai yupi.

Yapo mambo mengine ya kawaida yanayotisha. Kinda aliyeshiba hujitupa chini kifudifudi, shingo imenyooka, ukadhani amekufa. Tazama mgongo wake kwa dakika moja utauona unapanda na kushuka. Mdomo wazi wakati wa jua ni namna ya kupunguza joto, kwa kuwa ndege hawatoki jasho. Jicho linalogeuka kijivu ghafla ni kope la tatu tu, utando mwembamba unaopita juu ya jicho. Usiku macho hung'aa kwa sababu ya taa ya kamera, ambayo mwanga wake tai hawauoni.

Katika kiota cha Big Bear, California, mwaka 2025, jike Jackie na dume Shadow waliangua makinda watatu mwezi Machi. Mmoja alikufa kwenye dhoruba ya theluji kabla ya mwezi ule kwisha. Wawili waliruka mwezi Juni. Wakati wa msiba kama huo swali ni lilelile: kwa nini hakuna anayepanda kusaidia? Mtu akipanda, wazazi huruka, na makinda wasio na manyoya ya kutosha hubaki wazi kwenye baridi ileile. Wakubwa kidogo wanaweza kurukaruka kwa woga na kudondoka. Isitoshe, sheria ya Marekani ya mwaka 1940 inakataza kuwasumbua tai hao bila kibali. Ndiyo maana kamera hufungwa na kurekebishwa nje ya msimu wa kuzaa, na ikiharibika katikati ya msimu hubaki hivyo.

Kuhusu utazamaji wenyewe: saa iliyoandikwa pembeni mwa picha kwa kawaida ni ya pale kiota kilipo, kwa hiyo 06:30 ni saa 12:30 asubuhi ya kule. Andika saa hiyo kwenye daftari lako, pamoja na nani aliingia, alileta nini na nani alilisha. Jike ni mkubwa kuliko dume, na wakisimama pamoja tofauti huonekana wazi. Picha ikiganda, fungua ukurasa upya kabla ya kuwaza mabaya. Matangazo mengi ya mubashara huruhusu kurudisha nyuma, basi pitia asubuhi nzima kwa kasi maradufu badala ya kukodolea macho kiota kilicholala.

Wiki ya nane au ya tisa makinda, sasa wakubwa karibu sawa na wazazi lakini kahawia mwili mzima, huanza kupanda matawi na kutoka kwenye picha. Wengi huacha kutazama hapo, nami naona wanakosa sehemu bora. Ongeza sauti: kelele za kudai chakula zitakuonyesha wako upande gani. Kuruka huja kati ya wiki ya 10 na ya 12. Kinda akitoweka ghafla, rudisha picha polepole utazame mabawa. Aliyeruka kwa hiari huinama na kuyafungua kabla miguu haijaachia tawi. Aliyeteleza huyafungua akiwa ameshaanza kuanguka. Hata huyo, mara nyingi wazazi humpelekea chakula hapohapo alipotua.