Mpapindi, mti niliouita mpopoo

Nimeipita barabara ya Konde kwenda Makangale, kwetu Pemba, tangu utotoni, nayo inakatiza katikati ya msitu wa Ngezi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuujua mpapindi. Nikisema kweli, niliuona mara nyingi nikauita mpopoo. Yote miwili ni jamaa za mnazi, mashina yake ni membamba yaliyonyooka, na kila kuti lililoanguka limeacha alama iliyozunguka shina mfano wa bangili. Katika kisiwa ambacho tambuu haikosekani arusini wala barazani, si ajabu mtu akautazama mti wa namna hiyo akafikiria popoo kwanza.

Aliyenitoa katika kosa hilo ni mzee mmoja wa huko huko aliyekuwa akitutembeza msituni. Nilipomwonesha mti na kuutaja kwa jina nililolizoea, hakubishana nami. Aliinama, akaokota tunda moja jekundu lililoanguka na kunitilia kiganjani. Lilikuwa dogo kuliko kucha ya kidole gumba. "Mwanangu," akasema, "popoo gani zikawa ndogo kiasi hiki?" Kisha akanionesha jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: mpopoo husimama peke yake, lakini hapa mashina manne yalikuwa yametoka katika shina moja la chini, marefu kwa mafupi, kama ndugu waliopigwa picha pamoja.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu ya mti huu. Mpapindi hauoti porini mahali pengine popote duniani isipokuwa Pemba, na Ngezi, msitu wa kiasi cha hekta 1,440 katika ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, ndiko unakojulikana zaidi. Ndugu zake wa karibu hawako Tanga wala Mombasa, ingawa bara tunaiona kama ya jirani; wako Madagaska na Komoro. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, tofauti na Unguja iliyokaa juu ya ukingo wa bahari isiyo na kina kikubwa, na ndiyo maana kisiwa chetu kina viumbe vyake peke yake, wakiwamo bundi, ninga na yule popo mkubwa ambaye wageni huenda kumtazama Kidike. Popo amepata umaarufu wake, na simwonei choyo. Mpapindi haupati hata kibao.

Jina lake la kisayansi limekuwa na safari yake. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, Harold E. Moore, aliuandika kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa katika ukoo wa Dypsis pamoja na ndugu zake wa Madagaska. Na mwaka 2022 wataalamu wakaurudisha katika jina la kwanza. Muda wote huo, kule Makangale mti umebaki kuwa mpapindi, bila ya mkutano wala makala.

Kwamba umesalia ni bahati. Msitu wa namna ya Ngezi ulifunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mikarafuu, na mikarafuu hiyo ilizidi kupata thamani baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha ile ya Unguja na kuiacha ya kwetu ikiwa imesimama. Sisemi neno baya juu ya karafuu, kwani ndiyo iliyonilipia ada ya skuli. Hata hivyo kila shamba la karafuu lilikuwa msitu kabla halijawa shamba.

Jambo linalonikera ni dogo zaidi, na liko mjini. Ingia hoteli au ofisi yoyote Unguja, utakuta mlangoni chungu chenye mti wa majani mepesi na vikonyo vya rangi ya manjano. Huo ni ndugu wa mpapindi kutoka Madagaska, unaouzwa na wapanda maua dunia nzima. Mpapindi wenyewe umepandwa katika bustani za Florida, watu wakausifia, na mimi katika vitalu vyote nilivyouliza hapa kwetu sijaupata hata mche mmoja. Muuzaji mmoja aliniambia anao, akaniletea mpopoo.

Lile tunda jekundu nilitamani kuondoka nalo. Nilikwisha kulitia mfukoni mzee aliponyoosha mkono bila ya kusema neno, nikampa. Alilifukia kwa kidole kando ya mizizi, akasukumia majani makavu juu yake, tukaendelea na njia ya ufuo wa Vumawimbi.