Siku za Umalkia na Siku za Eda

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Wiki hii nimemfikiria sana mama mmoja wa Kimalay, Jemaah, aliyekuwa Tengku Ampuan, yaani mke wa sultani, wa Selangor, jimbo mojawapo la Malaysia.

Kwao watawala tisa wa majimbo, wengi wao masultani, huchaguana, na mmoja wao huwa mfalme wa nchi nzima kwa miaka mitano. Mfalme wa kwanza wa Malaya huru (ndiyo Malaysia ya baadaye) alipofariki, mwaka 1960, zamu ikamfikia mume wa Jemaah, Sultan Hisamuddin Alam Shah. Alishika ufalme tarehe 14 Aprili, na mkewe akawa Raja Permaisuri Agong, malkia wa nchi. Mwisho wa Julai hali ya hatari ya uasi wa Wakomunisti, iliyodumu miaka 12, ikatangazwa kwisha. Sherehe ya kumtawaza mfalme ikapangwa Alhamisi, tarehe 1 Septemba.

Siku hiyohiyo mfalme akafariki. Nyumba iliyojiandaa kwa shangwe ikawa inatafuta sanda.

Nikakaa kuhesabu. Umalkia wake ulidumu siku 140. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Kwa mwezi mwandamo ni kama siku 128. Muda aliokuwa malkia haukuuzidi ule aliotakiwa kukaa eda hata kwa wiki mbili. Hapo nilifunga daftari, nikanyamaza.

Na eda haiulizi cheo. Aya ya 234 ya Surat Al-Baqara haikumwekea malkia hesabu yake na mke wa mvuvi hesabu yake. Wote hawajipambi, hawajitii manukato, hawaposwi mpaka siku zitimie. Jirani yako aliye edani leo, yule tunayemsahau baada ya hitima, anahesabu siku zilezile. Nendeni mkamjulie hali, jamani.

Jemaah hakuondokewa na cheo kimoja tu. Mwanawe alirithi usultani wa Selangor, na nafasi ya Tengku Ampuan ikaenda kwa mkaza mwana wake. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1942 Wajapani walimwondoa mumewe kwenye kiti cha Selangor wakamweka kaka yake, na hakurudi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Tunaposoma katika Surat Aal Imran kwamba Mwenyezi Mungu humpa ufalme amtakaye na humvua amtakaye, wengi wetu tunaisoma kwa ulimi. Yeye aliiona ikipita nyumbani kwake, ikaja, ikaondoka, ikaja tena.

Aliishi mjane hadi mwaka 1973. Mwanawe huyo naye akaja kuwa mfalme wa Malaysia mwaka 1999, akafia kwenye kiti mwaka 2001; mama hakuwepo kuyaona hayo.

Huko Bukit Jelutong, Shah Alam, upo msikiti wenye jina lake. Leo pia imeadhiniwa hapo, watu wakapanga safu. Yarabi mrehemu mama yule, na wajane wetu wote walio edani usiku huu.