Mwongo wa Mia

"Mwaka unaangukia lini safari hii?" Swali hili limeingia juzi kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na binamu zangu walio Muscat na Dar wakaanza kubahatisha: tarehe 22 Julai, hapana, 23, labda 24. Wanapanga likizo na nauli. Mimi swali lilinipeleka maweni, kondeni kwa bibi.

Sisi wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka, yaani Mwaka Kogwa, si kuchoma kibanda na kupigana kwa migomba tu, ingawa hayo ndiyo wageni wanayokuja kuyapiga picha. Ni siku ya kwanza ya hesabu. Ukishapita, siku huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo, unaoitwa kwa siku yake ya mwisho: wa kwanza ni mwongo wa kumi, wa pili wa ishirini, na wa kumi ndio mwongo wa mia. Ikitimia miongo 36, zinabaki siku tano za kufungia, kisha Mwaka mwingine huingia. Hesabu hii haifuati mwezi mwandamo, kwa hiyo haiyahami majira kama inavyoyahama Ramadhani, na ndiyo maana wakulima na wavuvi waliishikilia. Nyumbani kwetu haikuandikwa popote. Kila baada ya sala ya magharibi bibi aliuliza, "Leo ya ngapi?" na sisi wajukuu tukajibu kwa pamoja.

Alfajiri moja aliniamsha mimi peke yangu. Mwongo wa mia ulikuwa unamalizika, na vuli ilikuwa ikitarajiwa. Kule maweni jembe halina kazi, udongo wote umejificha kwenye nyufa za mawe. Bibi alichoma ufa kwa muo, mimi nikatia punje tatu za kunde, nikafukia kwa kisigino.

"Hili ni la ngapi?"

"La kumi, bibi."

"Kuna nini?"

"Kusi. Bahari chafu."

"Haya, sogea."

Tukaenda hivyo, shimo kwa mwongo, mwongo kwa shimo. Mia, vuli. Mia na arobaini, kaskazi inaingia. Mahali fulani baada ya hapo nikakwama. Bibi hakunitajia. Alisimama na muo wake, kanga kajifunga kibwebwe, tambuu shavuni, akanitazama bila hasira yoyote. Mawe yalikuwa yananichoma nyayo. Nikasikia jogoo wa kijijini, nikasikia na moyo wangu. Nikaanza upya kimoyomoyo tangu kumi.

"Mbegu inangoja," akasema, na hakuchoma shimo jingine mpaka jibu lilipotoka.

Tulipofika mia mbili na arobaini niliitamka masika kwa sauti iliyowashtua ndege. Jua lilipopanda tulikuwa tumemaliza zote 36, na zile siku tano akazipa shimo moja kubwa la boga.

Mvua mwaka ule haikuja kwa wakati. Jirani mmoja akapita akimwambia bibi kwamba hesabu imempotea.

"Hesabu yangu haijakosea," bibi akamjibu. "Mvua ndiyo iliyochelewa."

Wakati ule niliona ni ukaidi wa uzee. Leo majira yamevurugika, na jibu lile linanirudia mara kwa mara. Asiye na hesabu ataona tu kwamba haijanyesha. Mwenye nayo anajua imechelewa, tena anajua kwa siku ngapi. Sijui kama ndivyo bibi alivyokusudia. Pengine alikuwa anamfukuza jirani tu.

Binti yangu ameniomba nimsomee miongo yote airekodi kwenye simu. Nimekubali, lakini nina wasiwasi na simu: haiulizi "la ngapi?", wala haisimami kukungoja unapokwama. Na kabla ya kurekodi kuna jambo la kumaliza. Shangazi anashikilia kwamba kunde ni mwongo wa tisini, mimi nasema wa mia, na sote tumefundishwa na mdomo mmoja. Julai hii nakwenda Makunduchi kuwauliza wazee waliobaki.